-KA-, -KI- na -SIPO-: Ufafanuzi wa Mawasiliano ya Websoketi Katika Programu za Wavuti

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi programu za wavuti zinavyojengwa juu ya itifaki ya websoketi, ambayo huviwezesha kivinjari na seva kupelekeana ujumbe wakati wowote bila ya mmoja kungoja kuulizwa na mwenzake. Dai kuu ni kwamba ugumu wa programu za aina hii hautokani na itifaki yenyewe, bali hutokana na mabadiliko ya namna ya kufikiri. Programu iliyozoeleka husimulia mambo kwa mfuatano, kama kitenzi chenye -ka-. Programu ya matukio hueleza masharti, kama kitenzi chenye -ki-. Makosa mengi, na yenye gharama kubwa, hutokea pale mjenzi wa programu anapokamilisha sehemu ya -ki- na kusahau ukanushi wake, yaani -sipo-.

1.0 Utangulizi

Kompyuta mbili zinapowasiliana, sharti pawepo makubaliano kuhusu nani aanze kusema, nani ajibu, na mazungumzo yaishe vipi. Makubaliano hayo ndiyo yaitwayo itifaki. Wavuti, tangu ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN kilichoko Geneva, imetumia itifaki ya HTTP iliyobuniwa na Tim Berners-Lee. Itifaki ya websoketi ilikuja baadaye. Rasimu zake za mwanzo zilitolewa mwaka 2008, na ilisanifishwa mwezi wa Desemba 2011 katika waraka uitwao RFC 6455, ulioandaliwa na Ian Fette na Alexey Melnikov chini ya jopo la IETF.

Ili maelezo yawe na mahali pa kushikia, makala haya yatatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni mnada unaoendeshwa kwa njia ya wavuti. Wanunuzi wametawanyika sehemu mbalimbali, na kila mmoja anatazama bei katika kivinjari chake. Dau likipanda, wote wanapaswa kuliona papo hapo. Aidha, mnunuzi aliyepandisha dau anapaswa kujua kwa yakini kama dau lake limepokelewa au la. Mfano huu unafaa kwa sababu kosa dogo la programu linaweza kumpa mali mtu asiyestahili, au kumlipisha mtu mara mbili.

2.0 Utaratibu wa Swali na Jibu

Katika HTTP mazungumzo huanzishwa na upande mmoja tu. Kivinjari huuliza, seva hujibu, kisha zamu hiyo huisha. Seva haina nafasi ya kusema kabla ya kuulizwa. Utaratibu huu unatosha kabisa kwa msomaji anayefungua ukurasa, akausoma na kuuacha. Lakini katika mnada haufai, kwa kuwa habari inayotakiwa huzuka upande wa seva, na wakati wa kuzuka kwake haujulikani.

Kabla ya websoketi, wajenzi walitumia mbinu mbili za kukwepa kikwazo hiki. Ya kwanza ni kuuliza mara kwa mara. Ikiwa wanunuzi ni 1,000, na kila kivinjari kinauliza bei kila sekunde, seva hupokea maswali 1,000 kwa sekunde hata kama bei haijabadilika kwa saa nzima. Isitoshe, kila swali hubeba vijajuu vyake, ambavyo mara nyingi hufikia mamia ya baiti, ili kupata jibu ambalo pengine ni tarakimu chache tu. Mbinu ya pili ni kuuliza na kusubiri. Seva hulishikilia swali bila kulijibu mpaka itakapopata habari mpya. Ikishajibu, kivinjari huuliza tena. Mwaka 2006 Alex Russell alizipa mbinu za jamii hii jina la Comet. Mbinu hizo zilipunguza maswali yasiyo na faida, lakini hazikubadili msingi: seva iliendelea kusema kwa kisingizio cha kujibu.

3.0 Hodi na Karibu: Kufunguliwa kwa Muunganisho

Desturi ya Waswahili ni kwamba mgeni haingii nyumbani mwa watu bila kupiga hodi, wala haingii kabla ya kuitikiwa karibu. Mwanzo wa websoketi una sura hiyohiyo. Kivinjari hutuma ombi la kawaida la HTTP ambalo ndani yake mna kijajuu kinachoomba itifaki ibadilishwe. Pamoja na ombi hilo hutumwa ufunguo wa baiti 16 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Seva huuchukua ufunguo huo jinsi ulivyoandikwa, huuambatisha na mfuatano maalumu wa herufi uliotajwa katika RFC 6455, hukokotoa muhtasari wake kwa kanuni ya SHA-1, na kuurudisha pamoja na jibu lenye namba 101. Namba hiyo maana yake ni kwamba ombi la kubadili itifaki limekubaliwa.

Hapa pana jambo ambalo hueleweka vibaya. Ufunguo huu si siri, wala haumtambulishi mtu. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuthibitisha kwamba aliyejibu anaielewa itifaki ya websoketi, na kwamba si seva ya kawaida iliyoitikia bila kufahamu ilichoombwa. Hodi hutangaza kwamba kuna mtu mlangoni. Haisemi ni nani. Kwa hiyo ni juu ya seva kuhakiki utambulisho wa mtumiaji. Hali kadhalika, ni juu yake kukagua kijajuu kinachotaja tovuti ambako ombi limetokea, kwa sababu vivinjari havizuii ukurasa wa tovuti moja kufungua websoketi kwenda kwa seva ya tovuti nyingine. Seva ya mnada isiyofanya ukaguzi huo inaweza kupokea dau lililotumwa na ukurasa wa mdanganyifu, kwa jina la mnunuzi ambaye hana habari.

Mawasiliano haya hupita katika milango ileile ya wavuti: mlango wa 80 kwa muunganisho usiofumbwa, na mlango wa 443 kwa muunganisho uliofumbwa. Kwa shughuli yoyote inayohusu fedha au siri za watu, ni huu wa pili tu unaofaa.

4.0 Fremu: Umbo la Ujumbe

Baada ya hodi kuitikiwa, njia hubaki wazi na kila upande huweza kusema wakati wowote. Ujumbe husafirishwa ndani ya fremu. Kila fremu hutanguliwa na maelezo mafupi sana: baiti 2 zinatosha kwa ujumbe mfupi unaotoka kwenye seva, na hata fremu ndefu kabisa inayotoka kwenye kivinjari haihitaji zaidi ya baiti 14. Maelezo hayo hutaja kama fremu ni ya mwisho katika ujumbe wake, ni ya aina gani, na ina urefu gani.

Aina za fremu ni chache. Kuna fremu ya matini, ambayo sharti iandikwe kwa mfumo wa UTF-8. Kuna fremu ya data nyinginezo, kama vile picha au sauti. Kuna fremu ya kuendeleza ujumbe uliogawanywa. Mwisho kuna fremu tatu za usimamizi: ya kufunga, ya pingi ambayo huuliza kama mwenzi bado yupo, na ya pongi ambayo hujibu kwamba yupo.

Fremu zote zinazotoka kwenye kivinjari hufunikwa kwa ufunguo wa biti 32 unaobadilika kila mara, ilhali za seva hazifunikwi. Ufunikaji huo haufichi siri, kwa kuwa ufunguo wenyewe umo ndani ya fremu. Ulikusudiwa kuzuia hila: ukurasa wenye nia mbaya usiweze kupanga baiti zifanane na ombi la HTTP, na kwa njia hiyo kuzihadaa kompyuta za katikati zinazohifadhi nakala za kurasa.

5.0 Programu ya -ka- na Programu ya -ki-

Katika sarufi ya Kiswahili, kiambishi -ka- huunganisha matendo yanayofuatana. Kila tendo huegemea lile lililotangulia. Kiambishi -ki-, katika matumizi yake ya sharti, hakidai kwamba tendo limetokea. Hudai tu kwamba likitokea, jambo fulani litafuata. Tofauti hii ndiyo tofauti ya aina mbili za programu. Linganisha mifano ifuatayo:

(1) Programu ilifungua faili, ikasoma mstari wa kwanza, ikajumlisha, ikaandika jibu, ikafunga faili.

(2) a. Muunganisho ukifunguka, omba bei ya sasa.
b. Ujumbe ukifika, usome na ubadilishe bei iliyopo.
c. Kosa likitokea, liweke katika kumbukumbu.
d. Muunganisho ukifungwa, mwarifu mnunuzi.

Sentensi ya (1) ina mwanzo na mwisho, na msomaji anajua wakati wote programu imefika wapi. Mafungu ya (2) hayana mfuatano. Hata yakipangwa upya, maana haibadiliki. Mafungu hayo manne ndiyo matukio manne ambayo kila kivinjari humtolea mjenzi wa programu ya websoketi: kufunguka, kufika kwa ujumbe, kosa, na kufungwa. Mjenzi huandika nini kifanyike tukio likitokea, kisha huachia usukani.

Matukio yakitokea kwa pamoja huwekwa katika foleni. Chombo kiitwacho kitanzi cha matukio huchukua tukio moja, hulitekelezea maagizo yake mpaka yamalizike, kisha hurudi kuchukua jingine. Mfano wake ni karani mmoja wa dirishani: hahudumii watu wawili kwa wakati mmoja, lakini kwa kuwa kila huduma ni fupi, foleni husogea. Mtindo huu haukuanza na websoketi. Mwaka 1999 Dan Kegel alieleza tatizo la seva moja kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja, na akaonyesha kwamba kumpa kila mteja mtumishi wake wa peke yake ndani ya kompyuta si njia pekee. Mwaka 2009 Ryan Dahl alitoa Node.js, iliyofanya kitanzi cha matukio kuwa msingi wa seva zinazoandikwa kwa JavaScript. Websoketi iliposanifishwa miaka miwili baadaye, zana hiyo ilikuwa tayari.

Hata hivyo, mjenzi aliyezoea -ka- huweza kuandika masimulizi ndani ya sharti bila kutambua hatari yake:

(3) Dau likifika, soma dau kubwa lililopo katika hifadhidata, ulilinganishe na jipya, kisha uandike jipya kama limezidi.

Agizo hili linaonekana sahihi. Lakini kusoma hifadhidata huchukua muda, na wakati agizo linasubiri jibu, karani huhudumia tukio jingine. Tuseme dau kubwa lililopo ni shilingi 50,000. Mnunuzi wa kwanza analeta 60,000, na wa pili analeta 55,000 mara tu baada yake. Maagizo ya wote wawili yanasoma 50,000, na yote mawili yanaona yamezidi. La kwanza linaandika 60,000, kisha la pili linaandika 55,000 juu yake. Bei ya mnada imeshuka, na aliyetoa kidogo ameshinda. Hakuna fremu iliyopotea wala itifaki iliyokiukwa. Kosa ni kudhani kwamba "soma, linganisha, andika" ni kisa kimoja kisichoingiliwa. Dawa yake ni kuyafanya matendo hayo kuwa tendo moja lisilogawanyika ndani ya hifadhidata yenyewe, au kupanga madau ya kila bidhaa katika foleni ya pekee ambayo haipokei dau la pili kabla la kwanza halijamalizika.

6.0 Tatizo la -sipo-

Ukanushi wa -ki- ni -sipo-: ujumbe ukifika, ujumbe usipofika. Katika sarufi viwili hivi ni ndugu walio sawa. Katika programu ya matukio si sawa hata kidogo. Ujumbe ukifika, kitanzi huamshwa. Usipofika, hakuna kinachoamshwa, kwa kuwa kutotukia si tukio. Seva inaweza kukaa kimya mbele ya muunganisho uliokufa, ikiamini kwamba mwenzi wake hana la kusema. Kuna mahali patatu ambapo -sipo- hudai kuandikwa.

6.1 Mwenzi asipokuwapo

Simu ya mnunuzi ikizimika kwa kuishiwa chaji, au ikitoka katika eneo la mtandao, haipati nafasi ya kutuma fremu ya kufunga. Kwa upande wa seva hakuna kilichobadilika, na pengine dakika nyingi zitapita kabla ya kutambua. Njia ya kuugeuza ukimya kuwa tukio ni saa: seva hutuma pingi kila baada ya muda maalumu, na pongi isiporudi kabla ya muda uliowekwa, muunganisho huhesabiwa umekufa. Ni vyema kukumbuka kwamba programu iliyoandikwa ndani ya ukurasa haina uwezo wa kutuma fremu ya pingi. Kivinjari hujibu pingi za seva chenyewe, bila kuiarifu programu. Kwa hiyo programu ya upande wa mnunuzi, ikitaka kujua kama seva ipo, sharti itumie ujumbe wa kawaida na saa yake yenyewe.

6.2 Dau lisipofika

Amri ya kutuma huuweka ujumbe katika foleni ya kutoka, kisha hurudi mara moja. Haisemi kama ujumbe umefika. Mnunuzi aliyebofya na kuona mtandao umekatika hajui kama dau lake lilipotea likienda, au lilifika na jibu ndilo lililopotea likirudi. Asipolituma tena, huenda akapoteza bidhaa. Akilituma tena, huenda likahesabiwa mara mbili. Itifaki haitatui jambo hili. Ni wajibu wa mjenzi. Utaratibu unaofaa ni kila dau kupewa namba yake ya pekee kabla ya kuondoka, na seva kujibu kwa kuitaja namba hiyo. Jibu lisipofika kwa muda uliowekwa, dau lilelile hutumwa tena kwa namba ileile. Seva ikikuta namba hiyo imekwisha kuandikwa, hailiandiki tena, bali hurudia jibu la mwanzo. Hivyo kurudia hakuna madhara, na mnunuzi huwa na yakini.

6.3 Mnunuzi asipokuwapo habari zilipopita

Itifaki ya TCP, ambayo websoketi huiegemea, huhakikisha kwamba ujumbe hufika kwa mpango uleule uliotumwa, lakini ahadi hiyo ni ya muunganisho mmoja tu. Muunganisho ukikatika na mwingine kufunguliwa, yaliyopita katikati hayarudi yenyewe. Wala kivinjari hakifungui websoketi upya bila kuagizwa. Kwa hiyo kila tangazo la bei linafaa kupewa namba ya mfuatano na seva. Mnunuzi akirudi, hutaja namba ya mwisho aliyoiona, kwa mfano 41, naye hupewa kuanzia ya 42. Kama seva haina tena kumbukumbu hizo, humpa hali nzima ya mnada ilivyo kwa wakati huo.

Namna ya kurudi nayo ina adabu yake. Seva ikizimika na kuwaka tena, vivinjari 1,000 vikipiga hodi kwa sekunde ileile vinaweza kuiangusha upya. Inashauriwa kila kivinjari kingoje muda unaoongezeka kila kinaposhindwa, kama vile sekunde 1, 2, 4 na 8, na muda huo uchanganywe na kiasi cha bahati nasibu ili wote wasirudi kwa mkupuo.

7.0 Mipaka ya Matumizi

Si kila programu inayohitaji websoketi. Ikiwa habari hutoka upande wa seva peke yake, kama matokeo ya mchezo, upo utaratibu wa matukio yatumwayo na seva juu ya HTTP ya kawaida, ambao kivinjari huunganisha tena chenyewe na kutaja namba ya tukio la mwisho kililopokea. Ikiwa mtumiaji huuliza mara mojamoja, swali na jibu vinatosha. Isitoshe, muunganisho ulio wazi hushikilia kumbukumbu ya kompyuta hata ukiwa kimya. Na wanunuzi wakigawanywa katika seva nyingi, huhitajika msambazaji katikati ili dau lililopokewa na seva moja litangazwe na nyingine zote. Itifaki yenyewe haijapitwa na wakati: mwaka 2018 waraka RFC 8441 ulieleza jinsi ya kuipitisha ndani ya HTTP/2, na mwaka 2022 RFC 9220 ulifanya hivyo kwa HTTP/3. Mabadiliko hayo yamegusa jinsi muunganisho unavyofunguliwa na kubebwa. Mzigo wa -sipo- umebaki palepale, juu ya mjenzi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba websoketi huondoa kikwazo cha swali na jibu kwa kuacha njia wazi baada ya hodi moja na karibu moja. Imeonyeshwa pia kwamba uwazi huo una gharama. Katika HTTP kila swali lilikuja na jibu lake, na kukosekana kwa jibu kulionekana mara moja, kwa sababu palikuwa na aliyekuwa akilingoja. Katika mawasiliano ya matukio hakuna anayengoja, isipokuwa mjenzi ameagiza hivyo. Kwa mwanafunzi anayejifunza fani hii, zoezi lenye manufaa ni kuandika masharti ya programu yake kwa Kiswahili fasaha kabla ya kuyaandika kwa lugha ya kompyuta, kisha kupitia kila kitenzi chenye -ki- na kukiandikia mwenzake wa -sipo-. Pale atakapokosa la kuandika, ndipo mahali ambapo dau la mtu litapotea.